Viendelezi Vilivyozimwa na Mzigo wa Kompyuta ya Umma

Tarehe 14 Machi 2025, cheti cha msingi ambacho Firefox ilikuwa ikikitegemea kuthibitisha viendelezi vyake kilimaliza muda. Aliyekuwa na toleo la 128 au jipya zaidi, au lile la huduma ya muda mrefu kuanzia 115.13, hakuona badiliko lolote. Aliyebaki nyuma alikuwa katika hatari ya kukuta kivinjari chake hakivitambui tena viendelezi alivyovizoea: kizuia matangazo, kitunza nywila, kihifadhi marejeo ya utafiti. Mozilla, inayotengeneza Firefox, ilikuwa imetoa tahadhari mapema, na matoleo yenye cheti kipya yalikuwa yametoka tangu Julai 2024. Muda wa kujiandaa ulikuwepo. Waliokwama ni wale ambao kompyuta zao hazina mtu wa kuzisasisha.

Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji na kampasi ya Mzumbe. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha. Wanafunzi wa vyuo hivi huandika tasnifu zao kwa msaada wa viendelezi kama cha Zotero, ambacho hunasa marejeo moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa wa jarida. Nje ya vyuo, steshenari za Mwanjelwa, Kabwe, Miomboni au Kihesa ndiko mwananchi asiye na kompyuta anakofanyiwa shughuli za mtandaoni: maombi ya mkopo wa HESLB, maombi ya kazi serikalini, namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara BRELA. Kompyuta moja ya kaunta hupokea nywila za watu wengi kwa siku moja.

Hoja yangu ni hii: kompyuta ya umma ndiyo inayohitaji zaidi ulinzi wa sahihi za viendelezi, na ndiyo yenye uwezo mdogo zaidi wa kutimiza masharti ya ulinzi huo. Masharti yenyewe ni mawili, saa iliyo sahihi na toleo jipya la kivinjari. Yote mawili yana gharama, na gharama hiyo hadi sasa imeachiwa fundi wa mtaani na mwanafunzi mwenye bando la siku.

Sahihi inafanya kazi gani

Kiendelezi cha Firefox ni faili moja lenye mwisho wa .xpi. Ukilifungua kwa programu ya kufungulia mafaili ya zip, utakuta picha, maandishi ya programu, na faili linaloitwa manifest.json linaloeleza jina la kiendelezi na ruhusa zinazoombwa. Pembeni kuna folda iitwayo META-INF. Humo ndani mna orodha ya mafaili yote ya kiendelezi, kila moja na alama yake ya kihisabati iliyokokotolewa kutoka kwenye maudhui yake, pamoja na sahihi ya Mozilla juu ya orodha hiyo. Badilisha herufi moja ndani ya faili lolote, alama yake haitalingana tena na orodha, na kivinjari kitalikataa faili zima kwamba limeharibika.

Sahihi hiyo nayo inategemea mnyororo wa vyeti. Juu kabisa kuna cheti cha msingi, ambacho ufunguo wake huhifadhiwa nje ya mtandao na hutumika kwa nadra. Chini yake kuna cheti cha kati, ambacho ndicho kinachotumika katika shughuli za kila siku za kusaini, na mwisho kipo cheti cha kiendelezi chenyewe. Kivinjari kina nakala ya cheti cha msingi, kwa hiyo kinaweza kukagua mnyororo wote bila kuuliza mtandao. Kinachohitaji kukijua ni tarehe ya leo, nayo huisoma kutoka kwenye saa ya kompyuta.

Utaratibu huu haukuwepo tangu mwanzo. Waliotumia mikahawa ya intaneti miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010 wanaukumbuka wakati kila programu ya bure iliposakinishwa pamoja na mgeni wake: upau wa utafutaji usioombwa, ukurasa wa mwanzo uliobadilishwa, matangazo yanayochomoza kila kona. Google ilitangaza Novemba 2013 kwamba Chrome ya Windows itakubali viendelezi vya duka lake pekee, na sharti likaanza kusimamiwa Mei 2014. Mozilla ilifuata: Firefox 43 ya Desemba 2015 ilianza kuzuia viendelezi visivyo na sahihi, na kuanzia Firefox 48 ya Agosti 2016 mtumiaji wa toleo la kawaida hakuachiwa tena swichi ya kuzima ukaguzi huo. Swichi ilibaki kwenye matoleo ya watengenezaji na katika lile la huduma ya muda mrefu, ESR.

Siku mfumo wenyewe ulipoanguka

Wanaopinga utaratibu huu wana ushahidi mzito. Tarehe 4 Mei 2019, muda mfupi baada ya saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki, cheti cha kati cha Mozilla kiliisha muda kwa sababu hakikuhuishwa kwa wakati. Firefox hukagua sahihi takriban mara moja kila saa 24, hivyo viendelezi vilizimika kwa mafungu, kompyuta moja baada ya nyingine, dunia nzima. Kivinjari cha Tor, kilichojengwa juu ya Firefox, kilipoteza NoScript, kiendelezi ambacho baadhi ya watumiaji wake hukitegemea kwa usalama wao.

Mozilla ilituma tiba ya haraka siku hiyohiyo kupitia mfumo wake wa majaribio uitwao Studies, kisha ikatoa Firefox 66.0.4 kesho yake. Kwa kuwa watu wengi walilazimika kuuwasha mfumo ambao walikuwa wameuzima kwa ajili ya faragha, kampuni iliamua kufuta takwimu zilizokusanywa kutoka kwa watumiaji katika juma hilo. Huo ulikuwa uungwana. Lakini tukio lilidhihirisha kwamba uzembe wa ofisi moja nchini Marekani unaweza kumzimia nyenzo mwanafunzi wa Mkwawa asiyejua hata kwamba cheti hicho kipo.

Kuna hoja ya pili, nayo inamhusu Google. Kampuni hiyo ilibadilisha kanuni za kutengeneza viendelezi, kutoka mfumo uitwao Manifest V2 kwenda Manifest V3. Kuanzia katikati ya mwaka 2024 hadi mwaka 2025 viendelezi vya mfumo wa zamani vilizimwa hatua kwa hatua kwenye Chrome. Aliyeathirika mkubwa ni uBlock Origin ya Raymond Hill, kizuia matangazo kilichokuwa na mamilioni ya watumiaji. Kiendelezi hicho kilikuwa na sahihi halali na hakikuzimwa kwa kosa lolote la usalama. Kilizimwa kwa sababu kanuni zimebadilika, na aliyezibadilisha ni kampuni inayoishi kwa matangazo. Google inasema lengo ni usalama, faragha na kasi. Mtumiaji wa Mbeya anayelipia kila megabaiti ana haki ya kuuliza kwa nini kile kilichokuwa kikimpunguzia matumizi ya bando kiondoke bila ridhaa yake. Mbadala upo: uBlock Origin Lite inafanya kazi kwenye Chrome ingawa uwezo wake ni mdogo, na Firefox bado inaipokea ile kamili.

Sahihi haithibitishi tabia

Sahihi inafanana na muhuri wa serikali ya mtaa kwenye barua ya utambulisho. Unaonyesha barua imetoka wapi na kwamba haijachezewa njiani, lakini haumdhamini mwenye barua kwa atakayoyafanya kesho.

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 2024, mfanyakazi wa kampuni ya usalama ya Cyberhaven alinaswa kwa barua pepe ya ulaghai. Wahalifu wakapata njia ya kupandisha kwenye duka la Chrome toleo bovu la kiendelezi cha kampuni hiyo, kilichokuwa na watumiaji takriban 400,000. Toleo lilipita dukani kama matoleo mengine yote, likasambaa lenyewe kwa usasishaji wa kawaida. The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa kwa kupunguza mzigo wa kompyuta zenye kumbukumbu ndogo, kiliuzwa mwaka 2020 kwa mmiliki asiyejulikana. Februari 2021 Google ilikizima kwa watumiaji wote ikitaja programu hasidi. Mwaka 2025 watafiti walibaini kwamba FreeVPN.One, iliyosakinishwa na zaidi ya watu 100,000 na kupewa alama ya uthibitisho ya Google, ilikuwa ikipiga picha za skrini za kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea.

Mfano huu wa mwisho unatugusa moja kwa moja. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu na makampuni wanaotumia VPN kutoa taarifa za matumizi yao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Watu hawakuacha kuzitafuta, na anayetafuta kwa haraka hukubali chochote cha bure, hata faili alilotumiwa kwenye WhatsApp au Telegram. Kiendelezi cha VPN huomba ruhusa ya kupitisha mawasiliano yako yote kwake. Kikiwekwa kwenye kompyuta ya steshenari, kinapitisha mawasiliano ya kila mteja atakayekaa mbele yake: taarifa za NIDA, nywila ya HESLB, barua pepe ya mwalimu anayepakua matokeo ya wanafunzi wake.

Kwa hiyo sahihi haitoshi. Lakini tuangalie inachowezesha. Kwa kuwa kila kiendelezi kina chanzo kinachojulikana, duka linaweza kukizima kwenye kompyuta zote kwa pamoja kikibainika, kama ilivyokuwa kwa The Great Suspender. Faili lililosambazwa kwa flashi bila sahihi halina wa kulizima.

Kwa nini tatizo linakaza zaidi huku

Sharti la kwanza ni saa. Kompyuta ya mezani hutunza tarehe kwa betri ndogo ya duara, CR2032, iliyopachikwa kwenye ubao mkuu. Umeme ukiwepo, betri hiyo haichoki sana. Lakini steshenari huzima swichi ya ukutani kila jioni, umeme hukatika wakati wa mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili, na maabara za vyuo hukaa bila umeme likizo nzima. Mashine iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika miaka mingi huwa na betri iliyoelekea mwisho. Ikifa, kila kompyuta inapowashwa tarehe hurudi miaka mingi nyuma. Kivinjari kikisoma kwamba leo ni mwaka 2009, kila cheti kilichotolewa baada ya hapo kinaonekana bado hakijaanza muda wake. Kurasa hukataa kufunguka, usasishaji hukwama, na ukaguzi wa viendelezi nao unaweza kushindwa. Mteja huambiwa mtandao unasumbua.

Sharti la pili ni toleo. Bado zipo kompyuta zenye Windows 7. Chrome iliacha kuihudumia baada ya toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Firefox ilisimama kwenye 115 ESR, na Mozilla imeongeza muda wa huduma yake zaidi ya mara moja. Hii ina maana kwamba hata mwenye Windows 7 alikuwa na njia ya kuvuka Machi 2025, mradi afikie 115.13. Miongoni mwa waliokwama ni wale waliozima usasishaji kwa makusudi, na sababu yao inaeleweka: kivinjari kinachopakua makumi ya megabaiti kimyakimya kwenye simu iliyowashwa hotspot kinamaliza bando la mteja aliyeko kwenye kaunta.

Baadhi ya maabara na mikahawa ya intaneti hutumia pia programu kama Deep Freeze, inayoirudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapowashwa upya. Inazuia virusi kubaki, lakini inafuta pia kila usasishaji uliofanyika mchana. Msimamizi asipoiachia kwa muda na kusasisha kwa utaratibu, kompyuta hiyo inabaki na toleo la siku ilipofungiwa.

Kutafuta chanzo kwa mpangilio

Fundi mzuri huanza kwa kuusoma ujumbe, maana kiendelezi huzimwa kwa sababu tofauti na kila sababu ina tiba yake. Chrome huweka maelezo kwenye chrome://extensions na Firefox kwenye about:addons.

Kwanza aangalie saa: siku, mwezi, mwaka na kanda ya saa ya Afrika Mashariki. Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila baada ya kuzima, betri ibadilishwe kabla ya jambo lingine lolote. Pili, aangalie namba ya toleo la kivinjari, asasishe, na akiwashe upya. Tatu, wakati anaendelea kutafuta, asikiondoe kiendelezi. Kukiondoa hufuta mipangilio yake, na ndiyo sababu Mozilla mwaka 2019 iliwasihi watumiaji wasiondoe viendelezi vyao kwa kudhani vitarudi salama wakivisakinisha upya.

Kama saa na toleo viko sawa, abaki na maswali machache. Je, kiendelezi kimeomba ruhusa mpya? Chrome hukizima hadi mtumiaji akubali, na hapo ndipo pa kusoma ruhusa hiyo kabla ya kubofya. Je, ni cha mfumo wa zamani ambao Chrome imeuacha? Hakuna tiba isipokuwa mbadala au kivinjari kingine. Je, kimefungiwa kwa kuwa kina madhara? Basi kiondolewe, na nywila zilizotumika kwenye kompyuta hiyo zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine. Je, kivinjari cha kompyuta binafsi kinasema kinasimamiwa na shirika? Mara nyingi hiyo ni alama ya programu iliyojipenyeza na kuweka sera zake. Ukurasa wa chrome://policy utaonyesha ni zipi. Mwisho, Firefox ina hali ya utatuzi inayozima viendelezi vyote kwa muda. Tatizo likitoweka humo, basi chanzo huenda ni kiendelezi kimojawapo.

Jambo moja lisifanywe. Kwenye Firefox ESR ipo swichi iitwayo xpinstall.signatures.required, na mafundi wengi wanaijua. Kwenye Chrome ipo hali ya msanidi inayoruhusu kupakia folda yoyote kama kiendelezi. Mtengenezaji programu anazihitaji kwa kazi yake. Kuziacha wazi kwenye kompyuta ya umma ni kuwanyima wateja wote ulinzi ili kumridhisha mmoja.

Nani abebe mzigo

Ufumbuzi upo na hauhitaji fedha nyingi. Sahihi ya kiendelezi cha Firefox husafiri ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo .xpi lililopakuliwa mara moja kutoka kwenye duka la Mozilla linaweza kuwekwa kwenye flashi na kusakinishwa kwenye kompyuta 30 za maabara bila bando la ziada, na kila kompyuta italikagua yenyewe. Kisakinishi kamili cha Firefox ESR nacho hubebwa vivyo hivyo. Msimamizi anaweza kuandika faili moja la sera, policies.json, linalozuia viendelezi vyote isipokuwa vilivyoorodheshwa, akalinakili kwenye mashine zote. Chrome kwenye Windows ina ukali zaidi: nje ya hali ya msanidi, kiendelezi kisichotoka dukani hakikubaliki mpaka kompyuta iwe chini ya usimamizi wa taasisi. Kwa maabara isiyo na mtandao wa uhakika, Firefox ESR ndiyo chaguo linalotekelezeka zaidi.

Vitengo vya TEHAMA vya vyuo vya Mbeya na Iringa vina wataalamu wa kuifanya kazi hii, na MUST hufundisha fani hizo. Pakua mara moja kwa mwezi, kagua, kisha gawa kwa idara zote na kwa steshenari zinazowahudumia wanafunzi nje ya lango. TCRA ina ofisi ya kanda Mbeya, na TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, iko chini ya mamlaka hiyo. Tahadhari ya vyeti inapotoka ughaibuni, ofisi hiyo inafaa kuitoa kwa Kiswahili chepesi na kuifikisha kwa wenye steshenari, miezi kabla ya tarehe yenyewe.

Wenye biashara nao wana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde. Anayejaza fomu za wateja kutwa nzima hawezi kusema kompyuta yake ni jambo lake binafsi. Betri mpya ya saa, kivinjari kilichosasishwa na orodha fupi ya viendelezi vinavyojulikana ni sehemu ya huduma anayoiuza.

Sharti la sahihi libaki. Lina kasoro zake, limewahi kuanguka, na wanaolisimamia wanapaswa kuendelea kuhojiwa kuhusu mamlaka waliyonayo juu ya kompyuta za wengine. Lakini kwenye mashine inayotumiwa na watu wasiofahamiana, kuliondoa kungegharimu zaidi kuliko kulitimiza. Chuo, duka au ofisi inayoweka kompyuta mbele ya umma ianze wiki hii kwa mambo mawili: ithibitishe kwamba saa yake haibadiliki umeme unapokatwa, na iandike namba ya toleo la kivinjari chake pamoja na jina la mtu atakayeulizwa ikibaki nyuma.